Namna ya Kusali kwa Zaburi ya Maombolezo Tumaini Linapofifia

Mlangoni pa kanisa tunasalimiana "Bwana asifiwe", na anayeitika "Amina" huenda hakupata usingizi usiku kucha. Salamu hiyo ni njema, lakini tukizoea kuitumia kufunika yaliyo moyoni, hata sala zetu huanza kuwa za kufunika. Yesu alipomwambia mwanamke Msamaria kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli, tayari walikuwa wamekwisha kuzungumza waziwazi juu ya waume zake watano. Habari ya ibada ilikuja baada ya ukweli wa maisha yake kutajwa pale kisimani.

Anza na Zaburi ya 13, yenye aya sita tu, na uisali kwa wiki nzima, asubuhi kabla hujashika simu, tena kwa sauti, kwa maana ukisoma kimoyomoyo ni rahisi kuyapita maneno yanayouma. Katika aya mbili za kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Chukua daftari uandike "hata lini" yako mwenyewe, ukiitaja kwa jina lake: ada iliyokosekana, majibu ya vipimo, ndoa iliyopoa. Mimi niliomba majuma kadhaa kwa maneno mazuri ya jumla, mpaka alfajiri moja, nikiwa nimeketi jikoni chai ikipoa, nikaandika kwa penseli: "Hata lini mama ataamka bila kunijua?" Nililia, na hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli mwaka ule.

Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Omba jambo moja, ulitaje wazi, kisha unyamaze kidogo.

Aya ya 5 ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa Daudi anasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako", ingawa hakuna neno hata moja katika zaburi linaloonyesha kwamba adui ameondoka. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "fadhili" ni hesed, yaani upendo wa Mungu asiyeliacha agano lake, na hapo ndipo tumaini linapotofautiana na matarajio: matarajio hutegemea jambo litakavyokwisha, na tumaini hutegemea jinsi Mungu alivyo. Petro anaupa msingi huo jina anaposema kwamba tumejaliwa tumaini lenye uzima kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu. Usiikimbilie aya hii siku ya kwanza ili uonekane una imani; isome, na kama moyo bado haujafika, mwambie Mungu hivyo hivyo.

Baadaye mshirikishe mtu mmoja anayeweza kutunza siri, asome zaburi pamoja nawe bila haraka ya kukupa ushauri. Ndugu wa uamsho ulioenea miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, waliita uwazi wa namna hiyo kutembea nuruni, na naamini walishika jambo ambalo makanisa yetu mengi yameliacha.

Zipo siku ambazo hata Zaburi ya 13 itakuwa na furaha kupita kiasi. Siku hizo soma ya 88, inayoishia gizani, ingawa inaanza kwa kumwita Bwana, Mungu wa wokovu wangu. Na huzuni ikikunyima usingizi kwa majuma mengi, au ukianza kuwaza kufa, mwone daktari upesi pamoja na mchungaji wako. Kutafuta tiba si kupungukiwa imani.

Ibadani, wimbo ukifika ubeti usioweza kuuimba kwa kweli, nyamaza, uwasikilize walio kando yako. Mimi kwa miezi mingi sikuvuka aya ya 4, na Jumapili bibi mmoja wa benchi letu, akishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili, ndiye aliyeimba beti za shukrani, nami nikaitikia "Amina".