Kabla ya kuvuka mpaka na dawa ya bangi

Ukiuliza tu "bangi ya tiba inaruhusiwa huko?" utapata jibu lisilokusaidia forodhani. Uliza kuhusu dawa yako yenyewe, kwa jina, umbo na nguvu yake. Dronaboli (dronabinol), ambayo ni THC (kemikali ya bangi inayolewesha) iliyotengenezwa maabara, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 huku mmea wenyewe ukiwa marufuku, na hadi leo zipo nchi zinazokubali dawa ya chupa lakini zinamfunga mwenye maua ya bangi.

Andika miligramu za THC na za CBD (kemikali ya bangi isiyolewesha) kwa kila dozi. Sativex, dawa ya bangi ya kupuliza mdomoni, kwa mfano, hutoa miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD kwa kila mpulizo. Wanaonaswa sana ni wenye mafuta ya CBD: lebo haitaji THC, kipimo kinaikuta, na pale sheria isipovumilia hata chembe, kesi imeshaanza.

Usidanganywe na habari za kura ya Umoja wa Mataifa. Mkataba wa umoja huo wa 1961 kuhusu dawa za kulevya uliiweka bangi kwenye Jedwali la I, la dawa zinazodhibitiwa, na la IV, lenye masharti makali zaidi. Tarehe 2 Desemba 2020 iliondolewa la IV kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini ikabaki la I. Ruhusa bado ni ya kila nchi. Kanada inairuhusu ndani, ila kuivusha mpaka bila kibali ni kosa, hata ukiwa na cheti cha daktari na unakokwenda inaruhusiwa.

Wiki kadhaa kabla ya safari, waandikie ubalozi na mamlaka ya dawa ya nchi uendako, pamoja na nchi utakayobadilishia ndege. Jibu la simu halitoshi. Taka la maandishi linalotaja dawa. Zidisha dozi ya siku kwa siku za safari, kwani nchi nyingi hazipokei dawa ya zaidi ya siku 30. Ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mkazi hubeba cheti cha Kifungu cha 75 cha mkataba wa Schengen, chenye mhuri wa mamlaka. Kila dawa na cheti chake, na kinadumu siku 30. Acha dawa kwenye pakiti yake ya awali, pamoja na barua ya daktari. Raia wa Singapore wana mtego wa ziada: hushtakiwa kwao hata kwa bangi waliyotumia ugenini.

Ukikataliwa, rudi kwa daktari mapema akupangie dawa mbadala. Kama unatumia dawa ya bangi kwa kifafa, haikatwi ghafla, degedege hurudi.