Namna ya kuendesha tiba ya mazungumzo kijijini baada ya maafa

Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katika maafa ya namna hiyo, baadhi ya manusura huendelea kukosa usingizi na kushtuka kila mvua inaponyesha, hata baada ya kupata makazi mapya. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache, lakini wanakijiji waliofundishwa wanaweza kusaidia, kama walivyofanya akina bibi wa Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006.

Siku za mwanzo si za tiba. Mpe mtu maji, blanketi na habari za ndugu zake, wala usimshurutishe kusimulia alichokiona, kwani Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo.

Wasikilizaji, yaani wanakijiji watakaofundishwa kuendesha vikao, wachaguliwe kwanza kwa kutunza siri, elimu ifuate. Kwa maoni yangu, mama anayekimbiliwa na wafiwa anafaa kuliko kijana mwenye cheti anayepeleka maneno sokoni.

Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani una vikao vitano, kimoja kila wiki, vya takriban dakika 90. Baada ya kueleza kwamba siri itatunzwa isipokuwa maisha yakiwa hatarini, mwache mhusika ataje yanayomsumbua, kisha umuulize, “Mama, kati ya haya yote, tuanze na lipi?” Kifo cha mume hakirekebishiki, lakini cheti cha kifo, ambacho bila hicho mirathi haisogei, kinaweza kufuatiliwa. Kubalianeni hatua moja ndogo: Jumanne aende kwa mtendaji wa kijiji, akisindikizwa na shemeji yake. Kikao kinachofuata kianze kwa kuuliza kama alikwenda na, ikiwa hakwenda, ni nini kilichomzuia. Mfundishe pia kupumua polepole, tumbo likipanda na kushuka, na mrudishe taratibu kwenye shughuli alizoziacha, iwe kwaya au kikoba.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, bali apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya, ambako atahudumiwa au kupewa rufaa. Wasikilizaji nao wakutane na muuguzi kila wiki kujadili vikao vilivyowalemea, pasipo kutaja majina.