Kiapo cha E-Verify kwa leseni ya biashara Georgia: usirudishwe kama mimi

Nilirudishwa dirishani mara mbili nilipokwenda kuhuisha leseni ya biashara, nikapoteza siku mbili za kazi kwa sababu ya mistari miwili tu ya hati ya kiapo. Kama una biashara jimbo la Georgia, Marekani, soma haya kabla hujatoka nyumbani.

Hesabu watu wako kwanza. Kinachoangaliwa ni idadi ya wafanyakazi uliokuwa nao Januari 1 ya mwaka husika. Wakizidi 10, mji au kaunti haiwezi kukupa leseni mpaka uape kwamba umesajiliwa E-Verify, mfumo wa mtandaoni wa serikali kuu unaohakiki kama mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, na unautumia. Wakiwa 10 au pungufu, unajaza kiapo kingine, cha kusamehewa. Usajili unafanyika mtandaoni na serikali haitozi kitu.

Sasa namba ya E-Verify inayotakiwa kwenye kiapo. Mimi niliandika EIN, ile namba ya kodi yenye tarakimu 9 tuliyozoea kuijaza kila mahali. Siyo hiyo. Namba ya E-Verify ni ya kampuni yako ndani ya mfumo huo, na utaikuta kwenye mkataba uliousaini wakati wa kujisajili. Nikasahihisha, nikarudi, nikakataliwa tena: kwenye tarehe ya idhini nilikuwa nimeweka siku niliyoandikisha kampuni. Inayotakiwa ni tarehe ambayo kampuni iliidhinishwa kutumia E-Verify. Karani hakunionyesha makosa yote kwa mara moja, jambo lililoniuma sana, kwa kuwa kila hati mpya ilibidi iapiwe upya kwa notari, yaani ofisa anayeshuhudia viapo na saini. Basi chapisha mkataba wako uende nao, na usisaini nyumbani. Saini mbele ya notari, kitambulisho mkononi.

Ukishapata leseni, kiapo hicho kinakufunga. Mfanyakazi mpya anajaza sehemu yake ya fomu I-9, ile ya kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi, kabla siku ya kwanza ya kazi haijaisha. Wewe una siku 3 za kazi, baada ya siku aliyoanza kazi, za kukagua hati zake na kumwingiza E-Verify. Usimwingize mtu ambaye hujamwajiri. Wala usimwambie "nataka green card". Hati anachagua mwenyewe kutoka kwenye orodha ya fomu: leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) isiyo na masharti ya kuzuia kazi zinatosha.

Mfumo ukijibu kwamba taarifa zake hazijalingana, usimfukuze na usimpunguzie zamu. Mara nyingi ni jina lililobadilika baada ya ndoa, au uraia aliopata ambao haujaingizwa kwenye kumbukumbu. Mpe taarifa faraghani, mweleze. Akiamua kulifuatilia, ana siku 8 za kazi za serikali kuwasiliana na ofisi husika. Mpe ruhusa ya kwenda, maana ofisi hizo hufungwa jioni na wengi wetu tunafanya kazi mchana.