Sakiti kwa vishikwambi tisa bila bando: ninavyofanya

Jumamosi iliyopita nilikaa na mwalimu wa Fizikia wa shule ya jirani tangu saa nne asubuhi hadi adhuhuri. Kilichomsumbua, kuunganisha vishikwambi na laptopu bila intaneti, ni kilekile kilichonilia mchana mzima mwaka jana. Naandika ili wa tatu asipitie humo.

Hali yenyewe ni hii: Kidato cha Pili, sakiti za mfuatano na sambamba, wanafunzi 54, kipindi cha dakika 80, intaneti ya shule hakuna. Vishikwambi ni vile vya Sensa ya 2022 walivyopewa walimu. Naviazima kwa wenzangu kwa kipindi kimoja na kuvirudisha vikiwa na chaji. Ukivirudisha vimekufa, hutaazimwa tena.

Hatua ya 1: Pakua mapema

Mahali penye intaneti nzuri, weka Kolibri (programu ya kugawa masomo bila intaneti) kwenye laptopu, fungua chaneli ya PhET (majaribio ya sayansi ya kwenye kioo), chagua Circuit Construction Kit: DC peke yake, ndiyo ya kuunganisha sakiti. Usipakue chaneli nzima.

Kuna watakaokwambia kwamba mafaili ya PhET yanapakuliwa moja moja na kufunguka bila mtandao, ya nini basi Kolibri? Ni kweli, na kwenye laptopu sina ubishi. Ila faili la HTML ukilituma kwenye kishikwambi kwa WhatsApp, mara nyingi linadakwa na programu nyingine badala ya Chrome, unabaki unatazama ukurasa mweupe. Zidisha mara tisa, darasa likikusubiri.

Hatua ya 2: Unganisha vifaa

Hapa ndipo penye shughuli.

Usitumie hotspoti ya Windows. Inapokea vifaa 8 tu, na mimi nina 9. Tena laptopu isipokuwa na mtandao wowote wa kugawa, hotspoti yenyewe inakataa kuwaka. Tafuta rauta, hata ile kuukuu iliyobaki ofisini baada ya mkataba wa intaneti kwisha. Haihitaji laini wala bando, kazi yake ni kuvikutanisha vifaa tu. Laptopu iunganishe kwa waya kwenye tundu la LAN, vishikwambi vije kwa waifai.

Washa Kolibri, nenda kwenye taarifa za kifaa, utaona anwani kama 192.168.0.100:8080. Hiyo ndiyo wanafunzi wataandika kwenye Chrome. Isipofunguka, na mara ya kwanza haitafunguka, fuata mpangilio huu.

Anza na kishikwambi. Kikiona waifai haina intaneti, kinahamia kwenye data ya laini kimyakimya, huku wewe unaona alama ya waifai iko pale pale juu. Mimi nilibadilisha rauta, nikabadilisha waya, nikaiweka Kolibri upya, kumbe kosa ni hilo. Zima data ya laini kwenye kila kishikwambi. Kikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali.

Halafu andika anwani yote, ukianza na http://. Chrome wakati mwingine inajaribu https yenyewe na kukwama.

Bado? Geukia laptopu. Windows ikiuchukulia mtandao huo kuwa wa hadhara, ngao yake (firewall) inazuia wageni wote. Ubadilishe uwe mtandao binafsi. Hili ndilo lililomkwamisha mwenzangu Jumamosi, na tulilifikia mwisho kwa sababu mimi nilikuwa nimeng'ang'ania data.

Mambo mawili ya kuzuia aibu. Zuia laptopu isilale, maana ikilala na vishikwambi vyote vinakatika. Pia ingia kwenye mipangilio ya rauta uifungie laptopu anwani moja ya kudumu. Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kuipa laptopu anwani nyingine, na uliyoiandika ubaoni ikawa haina maana.

Jaribu yote haya siku moja kabla, kwa vishikwambi vyote tisa. Kimoja kikikubali, si ushahidi kwamba nane vitakubali.

Hatua ya 3: Kipindi

Kabla ya mtu kugusa chochote, chora ubaoni betri moja na balbu mbili za mfuatano. Uliza: ipi itawaka zaidi? Kila mmoja aandike jibu kwa kalamu ya wino. Ukiruka hapa watacheza tu. Wataunganisha betri waya kwa waya mpaka iwake moto kwenye kioo, washangilie, kengele igonge.

Kisha gawa darasa. Wanafunzi 27 wanakaa watatu watatu kwenye vishikwambi, 27 wanabaki na betri, waya na balbu halisi mezani. Baada ya dakika 30 wanabadilishana.

Wengi huandika kwamba balbu ya kwanza itawaka zaidi kwa kuwa "inakula" mkondo kabla haujafika ya pili. Meza halisi inaweza kuwapotosha zaidi, kwa sababu balbu mbili za dukani hazilingani, moja hufifia, nao wanapata ushahidi wa uongo. Kwenye PhET balbu zinalingana kabisa. Betri ya volti 9 na balbu moja ya 10 Ω, amita, yaani kipimio cha mkondo, inasoma 0.90 A. Ongeza ya pili kwa mfuatano, inasoma 0.45 A, kabla ya balbu, katikati na baada. Hapo kwenye amita ya katikati ndipo ubishi unapozuka. Waache wabishane kwa Kiswahili, hata kama maandishi ya kwenye kioo ni ya Kiingereza cha mtihani. Warudi mezani wabadilishane nafasi za balbu zile mbili: ufifiaji unaifuata balbu, haubaki mahali pake.

Sambamba wataifanya wenyewe.

Hatua ya 4: Maswali matatu ya mwisho

Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, siipendi kwa somo hili. Inampa pointi nyingi anayewahi kubonyeza, na hapa namtaka anayefikiri. Natumia Plickers: kila mwanafunzi ana kadi yake ya karatasi, anaigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu, mimi napitisha simu yangu darasani inasoma. Hakuna mwanafunzi anayehitaji simu, na bando ni la kwangu tu. Chapa seti ya kadi 63, ya 40 haiwatoshi hawa.

Kadi usizipeleke kufunikwa plastiki ya kung'aa. Mwanga wa dirishani ukipiga, simu haioni kitu. Za kwangu nimezibandika kwa gundi kwenye vipande vya boksi.