Betri ya gari lenye winchi
Jamani, winchi (ile mashine ya kamba ya kuvuta gari lililokwama) inakula umeme vibaya sana. Ukivuta gari limezama kwenye tope la Karamoja, Uganda, inaweza kupita ampea 400, na alteneta (zinazochaji betri injini ikiwaka) za gari nyingi zinatoa kama 80 mpaka 150 tu, kwa hiyo kilichobaki chote kinatoka kwa betri, ndo maana ile ndogo ya kuwashia tu inakata ukiwa bado shimoni. Mi nasema chukua betri ya AGM (asidi yake imefyonzwa ndani, haichezi) ya Ah 100 hivi, yaani kiasi cha umeme inachobeba, na CCA 800 kupanda, yaani nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi, haimwagi asidi gari likilala upande huko Kisoro na mtikisiko inauvumilia. Dukani pima na mita kwanza, ikijaa isome volti 12.8 hivi. Ukivuta usizime injini, na teminali zikaze, zikilegea zinaungua.