Kuomba hukumu ya kifo iangaliwe upya Kenya: nilivyomsaidia shemeji yangu

1. Angalia shtaka kwanza. Liwe ni mauaji, kifungu 203 na 204 cha Kanuni ya Adhabu. Wizi wa mabavu hauhusiki hapa, Mahakama ya Juu ilisema hivyo Julai 2021, kwamba uamuzi wake wa Desemba 2017 katika kesi ya mfungwa aitwaye Muruatetu, ule uliomrudishia jaji uhuru wa kuchagua adhabu badala ya kunyonga kila mtu, ni wa mauaji peke yake.

2. Kama kuna rufaa Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu haikusikilizi mpaka uiondoe. Ukiiondoa umeacha kupigania hatia, kwa hivyo usikurupuke.

3. Andika maombi, peleka rejista ya mahakama (ofisi inayopokea mafaili), ngoja tarehe.

4. Sasa hapa ndipo tulipoumia. Shemeji alisimama akaanza kusema mashahidi walimsingizia, jaji akamkatiza: hatia ilishaamuliwa, leo tunaongea adhabu tu. Siku ikaenda hivyo, tukapewa tarehe nyingine. Jaji anaangalia umri wako, kama ni kosa la kwanza, kama ulikubali kosa, tabia yako, kama ulikuwa unapigwa au kudhulumiwa kijinsia na ndo ukafanya, kama unajuta kweli na kama unaweza kurekebika. Upande wa pili anaangalia marehemu aliuawa vipi na familia yake imeachwa na hali gani, kwa hivyo kumwaga machozi bila kumtaja marehemu hata mara moja kunakuharibia. Mimi naamini vyeti kuliko hotuba: useremala, masomo, barua ya ofisa wa gereza. Na ripoti ambayo afisa wa probesheni anamwandikia jaji kukuhusu msiichukulie poa jamani, anaenda mpaka kijijini kuuliza wazee na familia ya marehemu, sisi tulikuwa hatujaongea nao tangu mazishi na ilionekana. Tulienda baadaye na wazee wawili. Hawakutusamehe ila walitusikiliza, na hilo nalo liliandikwa.

5. Hesabu siku za rimandi uzitaje mwenyewe, kifungu 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka zizingatiwe.

Jaji bado anaweza kurudisha hukumu ileile ya kifo, hakuna anayekuahidi kitu. Shemeji alipewa miaka 25 kuanzia siku aliyokamatwa.