Punje za mahindi kwa kuonyesha wingi wa spishi
Mwalimu anayetaka darasa lione jinsi spishi zilivyogawanyika baina ya makundi ya viumbe achote mahindi kwenye kisado, kisha ahesabu kila punje kuwa spishi 10,000 zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi. Wadudu watapata punje zipatazo 100, na kati ya hizo mbawakawa peke yao watachukua karibu 40. Mimea itoayo maua kama 30, samaki tatu na nusu, ndege moja na ushei. Mamalia wote, akiwemo kipunji, tumbili wetu wa Mlima Rungwe nchini Tanzania aliyetangazwa kisayansi mwaka 2005, hawafikishi punje nzima, hivyo ikatwe kwa kisu. Chati ya duara siipendekezi, kwani kipande chao hugeuka uzi usioonekana.